Kalamu, simu na malungu ya Ufipa

Wenzangu kazini wananiita babu. Mvi sina hata moja. Wananiita hivyo kwa sababu tukiwa kwenye mkutano wa waandishi wa habari, wao wananyoosha simu mbele ya mkubwa anayezungumza kama watu wanaokinga maji ya mvua, mimi nachomoa kauntabuku na kalamu ya wino wa bluu. Wakisikia natokea Pito, hapa pembeni mwa mji wa Sumbawanga, utani unanoga. "Aaah, kumbe! Nyie si mna usafiri wenu wa ungo, simu ya nini?" Mtu wa Sumbawanga ukiwa Dar es Salaam jiandae kwa utani wa radi na ungo, hata kama umekwenda kununua viatu tu. Kichekesho ni kwamba jina lenyewe la mji, ukilitafsiri, ni amri ya kutupa uchawi. Tuliambiwa tuutupe, wenzetu wanadhani tuliambiwa tuuokote.

Haya, utani pembeni. Leo nataka kuandika kuhusu huu uzito wangu mbele ya teknolojia, maana nimeuwaza kwa muda na naona una historia ndefu kuliko mimi.

Kutumia najua. Haya unayoyasoma nimeyachapa kwa vidole gumba viwili, umeme umekatika, chaji imebaki asilimia thelathini na moja. Habari natuma kwa simu, picha natuma kwa simu, malipo (yakija) yanaingia kwenye simu. Ninachozungumzia ni kuandika kwa namna nyingine, kule kwa mtu kukaa na jambo, kulizungusha, kulitazama mgongoni na tumboni, na kujibishana na nafsi yake. Habari ya mkuu wa wilaya kuzindua kisima, simu inatosha na kuzidi. Jambo ambalo hujui unaliwaza nini mpaka uliandike, hapo ndipo mimi na simu tunaanza kununiana.

Kwanza inanichagulia maneno. Naandika "kama", yenyewe inaleta "karma". Naandika Ufipa, inachora mstari mwekundu chini yake kama mwalimu aliyeona kosa. Nchi yangu nzima ni kosa la tahajia! Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba simu haitunzi kigugumizi changu. Kwenye daftari nikiandika neno, nikalikata, nikaandika jingine juu yake, lile la kwanza linabaki pale chini ya mkwaju wa wino. Baada ya miezi sita nafungua, naona kwamba pale niliposema "alikataa" nilikuwa nimeanza na "aliogopa". Huo mkato ndio fikra yenyewe. Kwenye simu neno likifutwa limefutwa, na kinachobaki kinajifanya kwamba kilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Hapa jirani na kwetu kuna mzee. Jina lake sitaliandika kwa sababu hajaniruhusu. Ana miaka tisini na kitu, na baba yake alikuwa mhunzi katika zile siku za mwisho za chuma cha Ufipa. Siku moja mwenzangu mmoja wa redio alikwenda kuzungumza naye akawa anachapa maelezo kwenye simu. Mzee akanyamaza. Kijana akainua macho: "Endelea babu, nakusikia." Mzee akamjibu kwa upole kabisa: "Hapana mjukuu wangu, maliza kwanza kuongea na mwenzako, ndiyo tuendelee." Alidhani kijana anachati. Na kusema kweli, nani angemlaumu? Mtu anayeinamia simu anafanana na kila mtu mwingine anayeinamia simu, awe anaandika wosia au anatazama mpira.

Mimi nilikwenda na kauntabuku. Mzee alipoona kalamu inatembea akapunguza mwendo mwenyewe. Akawa anasema sentensi moja, anaitazama kalamu, inasimama, anaongeza nyingine. Mara kwa mara anauliza, "Umeshaandika hilo?" Pale ninapoandika yeye anafikiri, na mara mbili au tatu alirudi nyuma akarekebisha alichosema kwa sababu alipata muda wa kukisikia. Ule uchelewaji wa mkono wangu ulimfaa yeye kuliko mimi. Sijaona bado programu inayofanya hivyo.

Sasa ngoja nikukumbushe jambo. Nchi hii iliwahi kuwa nzito kuliko mimi. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Soma tena: marufuku. Hesabu za serikali zilipelekwa kwenye mashine, zikavurugika, ikabidi makarani warudi kwenye vitabu vya mkono, na fedha za kigeni zenyewe zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Aliyetaka kuleta kompyuta ilibidi aombe kibali. Kamba ilianza kulegezwa miaka ya 1980. Televisheni ndiyo kabisa: Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi wa bara tukasubiri mpaka 1994. Wazazi wetu wengi walifika utu uzima bila kuona taarifa ya habari yenye sura.

Watu wa rika langu wakisikia habari hiyo wanacheka. Mimi huwa nasita kucheka. Ile amri ya 1974 ilitugharimu, hilo halina ubishi. Waliohitaji kujifunza hizo mashine walipoteza miaka mingi. Lakini swali lililokuwa nyuma yake lilikuwa swali la haki: mashine hii inamtumikia nani, na ikiharibika nani anajua kuifungua? Hapa Rukwa swali hilo tulilijua kwa njia ya umeme. Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukiwashwa na umeme ulionunuliwa Zambia. Taa zikizimika mtu anatoka nje, anatazama upande wa kusini, kama vile ataona aliyezizima.

Na Ufipa tuna sababu ya zamani zaidi ya kutazama mtambo wa kigeni kwa jicho la pembeni. Sababu hiyo ipo porini, imesimama, unaweza kwenda kuigusa.

Malungu. Moja linaitwa ilungu. Ni tanuru la kuyeyushia chuma, limejengwa kwa udongo wa kichuguu, refu kuliko mtu, mengine yanafika mita tatu. Ukisafiri Nkasi na vijiji vya Sumbawanga utayakuta, mengine mazima, mengine yamebaki shina tu kama jino bovu, na pembeni yake mabaki ya mavi ya chuma yamelala kwenye nyasi. Lile tanuru kubwa halikupulizwa kwa mivukuto. Wajenzi walilitoboa chini, wakapanga mabomba ya udongo kwenye matundu hayo, wakajaza makaa na mawe yenye chuma kwa zamu, na urefu wa tanuru lenyewe ukavuta hewa kutoka chini kwenda juu, usiku na mchana. Kilichotoka hapo kilikuwa bado kichafu. Kikahamishiwa kwenye tanuru dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi, kukisafisha. Halafu mhunzi akapata cha kufua: majembe, mashoka, mikuki.

Hebu tafakari hesabu iliyo ndani yake. Urefu kiasi gani ili hewa ivutwe sawasawa? Mabomba mangapi? Udongo upi hautapasuka kwa joto? Hakuna aliyechora ramani. Ilikuwa teknolojia ya hali ya juu kabisa, na watu wa hapa hawakuwa wazito kuitumia hata kidogo. Waliijua mpaka ndani ya mifupa. Mzee wangu anasema baba yake alikuwa akiliita tanuru kwa maneno ambayo mtu huyatumia kwa mke anayekaribia kujifungua. Na wasomi walioandika juu ya wahunzi wa Afrika wameyakuta mawazo ya namna hiyo sehemu nyingi: tanuru ni mwanamke, chuma ni mtoto.

Ikaja teknolojia nyingine. Jembe la kiwandani kutoka Ulaya, jepesi, la bei nafuu, limepangwa dukani. Kufikia katikati ya karne ya 20 malungu yalikuwa yamezimika. Hakuna aliyepigana nayo. Jembe la dukani liliuzwa tu, mpaka ikafika siku hakuna aliyeona haja ya kukata kuni zote zile za mkaa. Na mtu aliyenunua jembe hilo alifanya jambo la akili kabisa kwa familia yake. Bado analima matuta yale yale ya ntumba, anafukia nyasi zioze ziwe mbolea, kama babu yake. Ila ujuzi wa kutengeneza jembe uliondoka mkononi mwake akiwa ameshika jembe.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Nani aliandika habari za malungu yalipokuwa yanawaka? Mwaka 1914 mmisionari mmoja wa shirika la White Fathers, Wyckaert, alichapisha makala kwa Kifaransa kuhusu wahunzi wa upande huu wa Tanganyika. Mwaka 1937 na tena 1958 zikatoka makala za Waingereza kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records. Roy Willis, mwanaanthropolojia, akaja mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaandika vitabu juu ya Wafipa. Msomi wa kwetu, Bertram Mapunda, alichimba na kuandika juu ya uhunzi wa kusini magharibi katika miaka ya 1990, na tumshukuru sana. Lakini mhunzi mwenyewe? Yule aliyekesha akisikiliza tanuru linavyonguruma na kujua kwa sauti yake kwamba mambo yanakwenda vizuri au vibaya? Hakuacha hata ukurasa mmoja. Tunayajua mawazo yake kupitia daftari la mgeni, na mgeni aliuliza maswali ya mgeni.

Wamisionari wale walikuwa na kanuni, na kwa hili nawavulia kofia. Mwanzilishi wao, Lavigerie, aliagiza kila kituo kiwe na kitabu cha kila siku. Nani kaja, nani kafa, mvua imenyesha au la, chifu kasema nini. Siku baada ya siku, wapende wasipende. Karema, pale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879, mwaka 1885 ikaangukia mikononi mwa wamisionari, na kalamu ikaanza kufanya kazi. (Karema ilikuwa mkoa wetu wa Rukwa mpaka Katavi ilipozaliwa mwaka 2012. Mipaka nayo huandikwa na kufutwa.) Nawaza padri mmoja mwenye homa, taa ya mafuta inafifia, mbu, na kanuni inamwambia andika. Huenda alilichukia daftari lile kama mimi ninavyolichukia jukwaa la WhatsApp la ofisi. Lakini leo ukitaka kujua nini kilitokea kando ya ziwa wiki fulani ya mwaka 1890, unaanza na madaftari ya watu kama yeye.

Na hapo hapo Karema alikuwepo mtu aliyenifanya nifikiri upya. Adrian Atiman. Alizaliwa mbali huko, pande za mto Niger katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari hao huko Algeria, akasomeshwa udaktari Malta. Akaletwa Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na hakuondoka tena mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka sitini akitibu watu kando ya ziwa! Alipokuwa mzee aliandika maisha yake mwenyewe, yakachapishwa mwaka 1946 katika jarida lile lile la Tanganyika Notes and Records lililochapisha habari za malungu. Jarida la wakoloni, ndiyo. Kalamu alifundishwa na waliomnunua, ndiyo. Akaichukua akasema "mimi". Ukisoma habari za utekwaji wake huhitaji kujiuliza mgeni alielewa nini, kwa sababu aliyetekwa ndiye anayesimulia.

Kuna mwingine. Livingstone alipofariki Chitambo, Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873, watu wake waliubeba mwili wake kuzunguka kusini mwa ziwa letu, wakapita Tabora, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Shuleni tulifundishwa Chuma na Susi. Jacob Wainwright hatukusisitiziwa. Yeye alikuwa Myao, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa India, na katika msafara ule alikuwa akiandika shajara. Njaa, maiti begani, vijiji vinavyofunga milango wasipite, na jamaa anatafuta pa kuegemeza karatasi.

Livingstone mwenyewe, miaka miwili kabla, alikuwa ameishiwa karatasi na wino akiwa Nyangwe, mashariki mwa Kongo. Unajua alifanyaje? Alichukua kurasa za gazeti kuukuu la London, akaligeuza, akaandika kukatiza juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kutokana na mbegu za mmea. Tarehe 15 Julai 1871 aliona wafanyabiashara wa watumwa wakiwafyatulia risasi wanawake sokoni Nyangwe, na aliyoyaona akayaandika kwenye gazeti hilo. Baadaye aliyanakili vizuri kwenye kitabu chake, na mwaka 1874, baada ya kufa kwake, rafiki yake akayahariri yakatoka kama kitabu. Gazeti lenyewe likafifia mpaka likawa halisomeki. Miaka zaidi ya 130 ikapita. Ndipo watafiti wakaleta kamera zinazopiga picha kwa mianga tofauti, ile ambayo jicho halioni na ile linayoiona, kompyuta zikatenganisha wino wa mbegu na wino wa kiwanda, na mwaka 2011 maneno ya siku ile yakawekwa kwenye intaneti. Yakalinganishwa na kitabu. Hayakuwa sawasawa. Kuna mambo aliyoyaandika moto ukiwa bado unawaka ambayo hayakufika kitabuni.

Mkato chini ya mkwaju wa wino, unaona? Gazeti lile ndilo lililotunza kigugumizi. Na mimi babu wa kalamu lazima niseme ukweli mzima: bila kamera zile na kompyuta zile, gazeti lingebaki doa la kahawia kwenye kabati.

Kwa hiyo sina kambi. Nikiwa na wapenda mashine nawakumbusha shangazi yangu. Mwaka 2019 tuliambiwa kila laini ya simu isajiliwe kwa alama za vidole, na mwisho ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020. Shangazi alikwenda kwa wakala mara tatu. Vidole vyake vimelima ulezi na maharage miaka arobaini, mistari imesuguliwa na mpini wa jembe mpaka imekwisha. Mashine ikakataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, ikakataa vyote. Yule kijana wa wakala akamwambia aende apake mafuta vidole vilainike, arudi kesho. Shangazi alicheka mpaka akatoa machozi. Kazi iliyomfanya awe yeye ndiyo iliyomfanya mashine isimtambue. Siku ya nne ikakubali kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kisichoshika mpini sana.

Nikiwa na wazito wenzangu nawaambia habari za Atiman na Wainwright. Nawauliza, sisi tukikaa pembeni na usafi wetu wa kalamu, habari za Ufipa ataziandika nani? Mtu wa Ulaya mwenye likizo ya wiki mbili? Yule wa utani wa ungo?

Nimerudi kwa mzee mara nne sasa. Mara ya tatu nilimwomba nirekodi sauti yake kwa simu. Alifikiri kidogo.

"Nikishakufa, hiyo sauti itabaki kwako?"

"Ndiyo babu."

"Utamsikilizisha nani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nashukuru sikulibuni. Maana ukweli ni kwamba faili likishatoka kwenye simu yangu linakwenda linakotaka, linakatwa, linawekewa muziki, linachekwa na watu ambao hawajawahi kusikia baridi ya Julai ya hapa. Kalamu yangu nayo haina usalama huo anaoudhani. Mchwa wa Pito hawabagui kati ya gunia la mahindi na kauntabuku. Nilimwambia yote mawili. Ya mchwa yalimchekesha.

Tukakubaliana hivi. Naandika kwa mkono mbele yake. Nikimaliza ukurasa namsomea kwa sauti, anasahihisha, sifuti, nakata mstari na kuandika juu. Nikifika nyumbani nachapa kwenye simu, pamoja na makato, neno la kwanza na la pili yote mawili. Nakala moja napeleka kwa mjukuu wake anayesoma sekondari, ambaye ana simu nzuri kuliko yangu. Sauti hairekodiwi, isipokuwa yale maneno ambayo baba yake aliliambia tanuru usiku. Hayo alisema hayaandikiki, yana mdundo, kalamu itayaua. Hayo atayasema kwenye simu mara moja tu, mjukuu wake akiwepo, na ni mjukuu atakayeshika simu.

Tumefika ukurasa wa ishirini na sita. Tanuru kubwa tumelimaliza, bado lile dogo na mivukuto yake. Amesema tusubiri wavune maharage kwanza, kelele zipungue uwanjani.